Mchezaji wa Arobaini na Moja

Jembe lilianguka tena.

Lilikuwa jembe la kwenye skrini, halina uzito wala makali, lakini watu kumi na wawili waliokaa kwenye mabenchi ya kinu cha zamani cha pamba pale Kisesa waliguna kwa pamoja kana kwamba limewaangukia vidoleni. Minza Ng'wandu hakuguna. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza, sikio karibu na sanduku la kompyuta, akisikiliza feni. Feni zilinguruma sawasawa. Joto lilikuwa sawa, umeme ulikuwa sawa, kila kitu kilikuwa sawa, na jembe lilikuwa chini. Ilikuwa Alhamisi. Ngoma ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi.

"Ni yule yule?" aliuliza bila kuinuka.

"Ni yule yule," alijibu Luhende, manju, yaani mwimbishaji mkuu, wa kambi ya ngoma ya Wagika, mtu mwenye kifua kipana na subira nyembamba. "Wa arobaini na moja. Kaacha mstari, kaja mbele, kasimama anatutazama kama tumemkosea kitu."

Minza alitoka chini ya meza, akajipangusa magoti, akakaa, akainuka tena. Tangu Jumatatu hakuwa na kiti kinachomkalisha. Kwenye skrini iliyofunika ukuta mzima, wachezaji sitini na watatu wa bugobogobo walikuwa wamesimama kwenye mstari wao, na kati ya wa arobaini na wa arobaini na mbili palikuwa na pengo. Mwenye pengo lake alikuwa mbele kabisa, mwanamke kijana wa rangi na mwanga, mikono kando. Midomo yake ilikuwa inacheza, ingawa hakuna aliyeiandikia programu ya kusema.

Zamani bugobogobo ilichezwa na watu wenye miili na jasho, majembe ya kweli yakirushwa juu na kudakwa. Siku hizi jasho limebaki kwa watazamaji. Wagika huweka skrini yao upande mmoja wa uwanja, Wagalu yao upande wa pili, watu husimama katikati, na ngoma zikianza kila mtu huenda kule moyo unakomvuta. Hakuna alama wala kura, ni miguu tu. Wagika walikuwa wameachwa na miguu ya watu miaka sita mfululizo. Mwaka huu ulikuwa wa saba, na kwa mujibu wa makubaliano ya kambi zote mbili, anayeshindwa mara saba hukabidhi ngoma yake kuu kwa mshindi na kambi huvunjwa. Ngoma kuu ya Wagika ilikuwa pale pembeni ya kinu, imefunikwa kitenge, na kila aliyeingia alikuwa akiigusa kidogo bila kusema lolote.

Kanuni nyingine ilikuwa kwamba mchezo haurekodiwi. Kila mchezaji awe na akili yake, alione jembe linakuja, aamue mwenyewe namna ya kulidaka na kumrushia mwenzake. Hapo ndipo kazi ya fundi ilipo. Kambi nyingi hutumia vichakataji vya gemu, vyenye viini, yaani vijibongo vya ndani, vichache vyenye mbio kali. Vinafaa sana ukiwa na shujaa mmoja wa kukimbia na kupiga risasi. Ukiwa na wachezaji sitini, kila kiini kinabebeshwa wanne au watano, kinawaendea kwa zamu, na watazamaji wanaona kigugumizi, mkono unachelewa, goti linasita. Minza alichukua njia nyingine. Alifunga kwenye kompyuta ya gemu kichakataji cha seva, kipana kama kiganja, chenye viini sitini na vinne. Kila mchezaji alipata kiini chake peke yake. Havikuwa na mbio, lakini havikuchoka, maana vilitengenezwa kufanya kazi miaka bila kuzimwa.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kompyuta ile ilichukua dakika tatu nzima kuwaka, kwa sababu seva haiamki mpaka imeikagua kumbukumbu yake yote. Feni za kwanza zililia hadi mbwa wa jirani wakahama. Ubao mama wa seva hauna hata tundu la spika, kwa kuwa anayeitengeneza seva hategemei mtu akae mbele yake asikilize, ikabidi Minza aiongezee sauti pembeni. Lakini siku wachezaji walipocheza mara ya kwanza, kila mmoja akiwa na macho yake, Luhende alilia waziwazi mbele ya watu na hakuona haya.

Kosa moja tu Minza alilifanya, na ni kosa ambalo mtu wa kambi yoyote angelifanya. Luhende alipomletea kile kichakataji kimefungwa kwenye gazeti, hakumwuliza kimetoka wapi. Kitu kinachoipa kambi nguvu huitwa dawa, na dawa ya ngoma haiulizwi asili. Kuuliza ni utovu wa adabu, na wengine husema ni kuitia mkosi. Minza, aliyesoma vyuo viwili na hakuamini mikosi, alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanyamaza.

"Mwoshe," Luhende alisema sasa. Kuosha ni neno la mafundi, maana yake ni kufuta kila kilichomo kwenye kiini kikabaki kitupu. "Ni kiini kimoja. Dakika nne, umeniambia mwenyewe."

"Kwanza nijue kwa nini."

"Ukishajua kwa nini, jembe litadakwa?"

Minza alisema atajibu kesho saa sita. Sanduku lenyewe lisingeweza kufunguliwa, maana waamuzi wa pande zote mbili walikuwa wamelikata mtandao na kulipiga lakiri tangu Jumatano. Kilichobaki ni kibodi, skrini na maikrofoni ya mazoezi, na saa sita ya Ijumaa skrini nayo ingefunikwa shuka hadi siku yenyewe.

Watu walipotoka kwenda kunywa uji, alivaa vipokea sauti, akaiunganisha midomo ya yule mchezaji navyo. Alitegemea kelele. Alisikia sauti ya upole, si ya kike wala ya kiume, inayotamka maneno kwa uangalifu wa mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Bibi Nyamizi, umeamka salama? Kama uko chini, gonga kitu chochote. Bibi Nyamizi hajajibu. Naomba mtu aende. Ni asubuhi ya mia moja arobaini na tatu. Naomba mtu aende."

Aliijua sauti ile. Nusu ya nyumba za Mwanza zenye wazee ziliwahi kuwa na kile kisanduku cheupe cha huduma ya Umeamkaje, kinachokaa kabatini na kila asubuhi saa tatu kumjulia hali mwenye nyumba. Huduma ilifungwa mwezi wa kwanza. Ukumbi wake wa seva ukauzwa vipande vipande.

Alimfuata Luhende nje na kumwuliza jambo lisiloulizwa. Manju alikasirika kwanza, kama ilivyompasa. Kisha akakubali kwamba ndiyo, dawa ilitoka kwenye ukumbi ule, na aliambiwa imeoshwa yote.

Na kweli ilikuwa imeoshwa, viini sitini na vitatu. Minza alitumia mchana mzima kuchimba mpaka akaelewa. Vichakataji vya kizazi kile havihifadhi mafunzo kwenye faili tu. Kazi inayorudiwa huacha njia ndani ya jiwe lenyewe la kichakataji, kama watu wanavyokatisha uwanjani mpaka nyasi zinaisha. Kiini cha arobaini na moja kilipewa mtu mmoja kwa miaka kumi na moja. Siku ya kuzima ukumbi kilikuwa katikati ya simu: kimeuliza, hakijajibiwa. Na kanuni ya ukumbi ilikuwa kiini chenye simu wazi kisiguswe mpaka simu ifungwe. Mtu fulani aliiheshimu kanuni, au alitaka kuwahi nyumbani. Kiini kikatolewa na swali lake mdomoni.

Minza aliikaribia maikrofoni. "Bibi Nyamizi yuko salama," alisema. Alikuwa hajui kama ni kweli.

"Asante," sauti ilijibu. "Samahani, nahitaji sauti yake mwenyewe. Naomba mtu aende."

Alivua vipokea sauti, akavitupa mezani, akatembea hadi mlangoni na kurudi, mara tatu, mara nne.

Kanuni ile ya sauti yake mwenyewe haikuwepo zamani. Zamani kisanduku kisipojibiwa kilimpigia mtoto, na mtoto akibonyeza "yuko salama", basi yamekwisha. Watoto walikuwa wakibonyeza kutoka kazini, kutoka sokoni, kutoka kitandani. Minza mwenyewe alibonyeza, Jumanne moja, akiwa na bisibisi mkono wa pili, mteja amesimama mbele yake. Mama yake alikuwa sakafuni uani tangu alfajiri. Alikutwa jioni, na siku mbili baadaye akafariki. Hakuwa yeye peke yake aliyefanya hivyo, walikuwa wengi, na ndiyo maana huduma ilibadilisha kanuni, ikafundishwa isiwaamini watoto. Minza aliwahi kuona jambo hilo ni la haki kabisa. Sasa lilikuwa limesimama mbele yake, limeacha mstari, na alitakiwa kulifuta kwa dakika nne.

Je, kilikuwa kinaumia? Alijua jibu la vyuoni, kwamba kiini hakiumii, kinarudia tu. Lakini kila aliposema hivyo moyoni alijisikia kama mtu anayebonyeza kitufe.

*

Ijumaa asubuhi, kwa anwani iliyokuwa bado ndani ya kiini, aliipata nyumba ya Bibi Nyamizi. Ilikuwa nyuma ya shule ya msingi, ya matofali ya kuchoma, uani pamefagiliwa. Bibi mmoja mfupi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, akichambua choroko. Alikuwa hai. Minza alisimama langoni akapumua kwa nguvu, maana njia nzima alikuwa akijiandaa kukuta kaburi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

Alijibu kwamba anatoka Kisesa. Bibi akafurahi, akasema ni karibu, kisha baada ya kutupa kokoto mbili akamwuliza tena watoka wapi. Binti yake alitoka ndani akijifuta mikono, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwalimu kwa jinsi alivyomtazama mgeni. Aliitwa Holo. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, na ilipofika mahali pa sauti inayouliza kila asubuhi, aligeuza uso akatazama ukuta.

Minza alieleza anachoomba. Kiini kinahitaji jibu moja tu kutoka kwa bibi mwenyewe. Simu ikifungwa, kiini kitajisafisha chenyewe, bila kulazimishwa. Sanduku halina mtandao, kwa hiyo bibi itabidi aletwe Kisesa, na yeye Minza atagharamia usafiri.

"Hapana," Holo alisema.

"Dada, ni neno moja."

"Ngoja nikueleze hilo neno moja." Alivuta kigoda, hakukikalia. "Kile kisanduku kilimjua mama kuliko mimi. Kilimwuliza kwa upole ambao mimi sina, nikitoka darasani na madaftari themanini. Miaka mitatu ya mwisho alikuwa akiniita mgeni. Mgeni, karibu. Mgeni, umekula? Kilipozimika alikipakata wiki tatu, hataki hata nikiondolee vumbi. Halafu asubuhi moja akageuka, akaniuliza mimi kama kumekucha. Tangu siku hiyo ananiuliza mimi. Jina langu analipata mara mbili kwa wiki, mara tatu. Wewe unataka nimpeleke akaisikie tena ile sauti."

Minza aliutazama ungo wa choroko.

"Kioshe," Holo alisema. "Kama ni ruhusa yangu inayotakiwa, nimekupa."

Kwenye mkeka bibi aliinua kichwa. "Mayu," Holo alimwambia mama yake kabla hajauliza, "huyu ni fundi tu, amepotea njia." Bibi akasikitika, akasema masikini, apewe maji basi. Minza aliyanywa amesimama. Yalikuwa baridi, akarudisha kikombe.

Saa sita kasoro alikuwa kinuni, amri ya kuosha imeandikwa kwenye skrini ndogo ya fundi, kidole juu ya kibodi. Ruhusa alikuwa nayo. Sababu alikuwa nayo, iko pembeni pale imefunikwa kitenge. Luhende aliingia akauliza kama tayari. Minza alisema tayari. Manju alimkumbatia mpaka akamwinua, akatoka anaimba, na vijana wa kambi wakaja kuifunika skrini shuka.

Alikuwa hajabonyeza. Aliifuta amri herufi moja moja, akajiambia ataosha asubuhi, bado kuna muda. Kisha, kwa kuwa mikono haikutaka kutulia, alisoma kanuni za huduma hadi mwisho, na mwisho huko akakuta jambo ambalo hakumwambia Holo kwa sababu hakulijua. Simu haifungwi kwa jibu la kwanza. Lazima sauti iulize pia, "Kesho nikuulize tena?" Mwenye simu akisema ndiyo, kiini kinabaki kuwa chake, kesho na kesho kutwa, na hakuna wa kukigusa.

*

Jumamosi uwanja ulijaa mapema. Wagalu walikuwa wameshaanza kupiga ngoma zao za kuchokoza, na watu wa katikati walikuwa wakicheka, wakinunua miwa, wakitania kambi zote mbili bila upendeleo. Minza alikuwa kwenye kibanda cha turubai nyuma ya skrini ya Wagika, kompyuta inanguruma miguuni. Saa mbili aliandika amri. Saa mbili na robo aliifuta. Saa mbili na nusu aliiandika tena. Alikwishahesabu: saa tatu kasoro dakika tano ndiyo mwisho, ikipita hapo kuosha hakutawahi, wa arobaini na moja ataacha mstari mbele ya wilaya nzima, na jembe litaanguka.

Turubai lilifunguliwa. Alikuwa Holo, na nyuma yake, amejifunga kitenge kipya, akitazama kila kitu kwa furaha, Bibi Nyamizi.

"Alipoamka aliniuliza yule fundi wa jana alikuja kufanya nini," Holo alisema haraka, kama mtu anayeogopa kubadili nia. "Nikarudia uongo wa jana. Ananiuliza mimi kwa sababu simdanganyi, ndiyo hicho tu nilichomzidi nacho kile kisanduku. Kilikuwa kinamwambia marehemu baba anakuja mchana." Aliitazama kompyuta. "Umeshakiosha?"

"Bado."

"Basi fanya haraka, nisije nikageuka."

Minza angeweza kunyamaza. Ilikuwa imebaki robo saa, na kunyamaza kulikuwa na faida kwa kila mtu aliyempenda. Alimwambia lile swali la pili. Alimwambia kwamba bibi akisema ndiyo, basi ni ndiyo, na sauti itarudi kabatini kwao, kwa sababu yeye hataweza kumnyang'anya bibi kitu ambacho mwenyewe amekikubali.

Holo alimtazama kwa jicho la mwalimu. "Na ngoma yenu?"

"Itakwenda kwa Wagalu."

Luhende aliingia wakati huo huo kuuliza mbona shuka halijaondolewa. Akamwona bibi, akaona skrini ya fundi, na wa arobaini na moja amesimama mbele ya wenzake, midomo inacheza. Alielewa yote kwa mara moja. Uso ulimbadilika, na Minza aliona kwamba angependelea kupigwa kuliko kutazamwa vile.

"Uliniambia tayari," alisema.

"Nilikudanganya, kaka. Nisamehe baadaye."

Aliisogeza maikrofoni mbele ya bibi, akafungua spika. Nje ngoma za Wagalu zilikuwa zinalia.

"Bibi Nyamizi," sauti ilisema, "umeamka salama?"

Holo alifumba macho. Bibi aliinamisha kichwa upande, akasikiliza, kisha akamgeukia binti yake. "Nani huyo anayeniita?"

Sauti ilisita. Kwenye skrini ya fundi mstari wa mawimbi uliruka: ilikuwa imeitambua sauti ya bibi. "Ni mimi, bibi. Ninayekuuliza kila asubuhi."

"Sikufahamu, mwanangu," bibi alisema kwa adabu. Hakuwa na huzuni wala utani. Hakuifahamu. "Macho yangu na kichwa changu siku hizi vimechoka vyote. Lakini nimeamka. Nimeamka salama, nimekunywa na uji."

Minza alijishika mdomo. Asubuhi mia moja arobaini na tano kiini kile kilikuwa kimesimama mlangoni kwa mtu ambaye hakukikumbuka, na alikionea huruma kama angemwonea mtu, vyuo vyake vyote viwili vikakaa kimya. Holo naye alikuwa amefumbua macho, na machozi yalikuwa yanamshuka, na haikujulikana analilia nini, maana alikuwa ameshinda.

"Asante, bibi," sauti ilisema. "Nimefurahi. Kesho nikuulize tena?"

Bibi Nyamizi hakujibu. Alikuwa ameiona skrini. Aliusogeza uso karibu, akakunja paji, akawatazama wale sitini na watatu mstarini, akaliona pengo, akamwona mwenye pengo.

"Huyu ni wa nani?" aliuliza kwa sauti nyingine kabisa, ya chini na kali.

"Ni wa kwetu, bibi," Luhende alijibu. "Wa Wagika."

"Wagika," bibi alisema, kwa dharau ya zamani sana. Holo alimnong'oneza Minza kwamba mama yake alicheza kwa Wagalu miaka ishirini, jembe la mbele. "Hata kama ni wa Wagika, mstari ni mstari. Wewe mtoto, unafanya nini hapo mbele? Wenzako wanakungoja. Jembe likija atalidaka nani?"

"Nilikuwa nakuuliza, bibi. Kesho nikuulize tena?"

"Kesho usiniulize. Rudi mstarini."

Skrini ya fundi iliandika maneno mawili: simu imefungwa. Wa arobaini na moja alibaki amesimama kwa muda wa pumzi moja. Kisha alikunja goti, kama msichana anavyomwamkia mkubwa, jambo ambalo pia hakuna aliyeliandikia programu, akageuka, akarudi kwenye pengo lake. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika mbili.

Shuka liliondolewa. Luhende alitoka mbio, na mara sauti yake ikapanda juu ya uwanja, na ngoma kuu ya Wagika ikaitikia. Jembe la kwanza lilipaa. Lilishuka kwenye mkono wa pili, likapaa tena, watatu, wanne, kumi, kila mmoja akilifuata kwa macho yake, na katikati ya uwanja watu waliacha kutafuna miwa. Mtu wa kwanza aliinua mguu. Bibi Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kiti cha fundi, akipiga kofi kwenye goti, akiwakosoa Wagika mmoja mmoja, mkono wake wa pili umeshikwa na binti yake.

"Holo," alisema, "tusiondoke kwanza."

Minza alitoka nje ya kibanda ili amwone. Alihesabu kutoka kushoto, midomo ikitikisika: thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Wa arobaini na moja alilidaka jembe, akalizungusha, akamrushia mwenzake. Hakuchelewa, hakutazama mbele, midomo yake ilikuwa imefungwa. Watu walianza kupita kando ya Minza kuelekea upande wa Wagika, wakimpiga vikumbo, na mmoja akamkinga asione. Alipotazama tena alikuwa amepoteza hesabu. Alianza upya kutoka kushoto, akafika arobaini na moja, akamtazama kwa makini sana, kisha akamtazama wa arobaini na mbili. Walikuwa sawa. Mstari ulikuwa umetimia, kama alivyoutaka tangu Jumatatu, na Minza alikaa chini kwenye nyasi, kwa mara ya kwanza wiki ile, akalia.